Umehamisha Seva, Diski Imegoma: Usiandike Kitu Kwanza

Diski inayogoma kufunguka baada ya kuhamishwa mara nyingi ni nzima. Kilichoharibika ni njia ya kuifikia: waya haukukaa sawasawa, umeme hautoshi, anwani imebadilika, au mashine mpya inaihesabu diski kwa kipimo kingine. Data zikipotea katika mkasa kama huu, kwa kawaida hupotea baadaye, katika saa moja au mbili za kuhangaika, pale mwenye diski anapobonyeza kila kitufe kinachojitokeza. Makala haya ni ya saa hizo mbili.

Seva ya nyumbani hapa kwetu si lazima iwe mtambo wa kutisha. Ni kompyuta ya mtumba iliyo chini ya meza ya studio ya video za harusi huko Ngamiani, au Raspberry Pi yenye diski mbili za nje kwenye kabati la sebule Raskazone. Ndani yake mna harusi za watu, kaswida na mawaidha ya maulidi, picha za hati za shamba la Muheza, na kwa wapenzi wa mambo ya kale, taarabu ya Black Star na Lucky Star iliyotolewa kwenye kaseti, sauti ya marehemu Bi Shakila ikiwamo. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota kwenye nchi nyingi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwazo, mwenye mafaili yake nyumbani aliendelea kusikiliza kama kawaida. Uhuru huo una gharama yake: siku mambo yakikwama, fundi ni wewe.

Basi sheria ya kwanza ni kwamba mpaka ujue diski inasema nini, usiandike chochote juu yake. Ukiichomeka kwenye Windows na Windows haielewi mpangilio wake, itakuomba uiformati au uianzishe upya, na itauliza kwa upole kana kwamba ni hatua ya kawaida. Kataa. Diski ya Linux, hata ikiwa na afya kamili, itaonekana kwa Windows kama ardhi tupu. Upande wa Linux vitufe vya hatari ni vingine: mkfs, fsck iliyopewa ruhusa ya kujibu ndiyo kwa kila swali, na mdadm yenye --create. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoliza watu wengi, kwa sababu mtu huona kundi la RAID halipo akadhani anatakiwa kuliunda upya. Halitakiwi kuundwa, linatakiwa kukusanywa, na amri yake ni nyingine kabisa. Nitaifikia.

Tuanze nje, kwenye chuma. Kabla hujawasha, diski izoee hewa ya mahali ilipofika. Lushoto iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400. Ukiteremka nayo asubuhi ya Julai kupitia Mombo hadi Tanga mjini, chuma bado kina baridi ya milimani na hewa ya pwani imejaa unyevu, kwa hiyo maji hujikusanya juu ya bodi yake ya saketi kama yanavyojikusanya kwenye chupa ya soda. Ndivyo inavyokuwa pia ukiitoa chumba chenye kiyoyozi na kuiweka kwenye buti la gari mwezi wa Machi. Iache ndani ya mfuko wake uliofungwa kwa saa kadhaa. Na mfuko wenyewe uwe ule wa kijivu unaozuia umeme tuli, usifunge diski kwenye kanga au sweta. Kuhusu kutikiswa njiani, diski iliyozimwa huvumilia mshtuko mkubwa kuliko inayozunguka, maana vichwa vyake vya kusomea vimeegeshwa pembeni. Barabara mbovu haiiui kirahisi. Kinachoiua ni kuinyanyua mashine ikiwa bado inawaka, uisogeze meza ya pili "kidogo tu".

Kwa walio karibu na bahari kuna chumvi. Miguu ya viunganishi vya SATA imepakwa dhahabu na huvumilia, ila milango ya USB na plagi za umeme huota utando. Chomoa na chomeka tena mara chache, futa kwa spiriti safi ya aisopropili, ngoja ikauke. Utashangaa ni magonjwa mangapi huishia hapo.

Sasa washa, na usikilize kabla hujaangalia skrini. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka hunywa takriban ampea 2 kwenye laini ya volti 12, yaani kama wati 24 kwa sekunde chache. Diski nne zikiamka pamoja ni karibu wati 100 juu ya zile za kompyuta yenyewe. Pawa saplai ya mtumba iliyochoka haitakwambia kwamba imeshindwa. Utasikia diski zinaanza, zinakata, zinaanza tena, na utadhani zimekufa. Zichomoe zote, jaribu moja moja. Kama kila moja peke yake inaamka vizuri, mgonjwa ni pawa saplai.

Kuna kisa kingine cha umeme ambacho huwapotezea hata mafundi wazoefu siku nzima. Diski zilizotolewa ndani ya makasha ya nje, hasa baadhi za WD zenye ujazo mkubwa, hufuata kanuni mpya ya SATA inayotumia mguu wa tatu wa plagi ya umeme kama swichi ya kuzima diski. Pawa saplai nyingi za zamani hupeleka volti 3.3 kwenye mguu huohuo. Matokeo yake diski haizunguki kabisa, haitoi hata mlio, kana kwamba hujaichomeka. Dawa ni kufunika mguu huo kwa kipande chembamba cha utepe wa kuhami umeme unaostahimili joto, ule wa rangi ya kaharabu wanaotumia mafundi wa simu, au kutumia adapta ya plagi ya Molex ambayo haina laini ya volti 3.3. Ukichagua adapta, epuka zile ambazo nyaya zimemwagiwa plastiki kwenye kichwa, maana zina historia ya kuungua. Chukua zile ambazo kila waya unaonekana umebanwa peke yake.

Diski inazunguka lakini haionekani? Ingia BIOS. Kama haimo hapo, hakuna amri ya Linux itakayoiona. Badilisha waya wa data, badilisha mlango. Mazabodi nyingi huzima milango miwili ya SATA pindi ukichomeka diski ya M.2, na hilo limeandikwa kwenye kijitabu ambacho mashine ya mtumba haiji nacho. Angalia pia kama milango imewekwa kwenye AHCI au RAID, uirudishe kama ilivyokuwa kwenye mashine ya zamani. Wenye seva za Dell zilizotumika wanaweza kukutana na ujumbe kwamba kadi ya RAID imeona mpangilio wa kigeni. Hapo unauingiza huo mpangilio. Ukiufuta au ukianzisha diski upya, umeanza safari ya kutafuta mtaalamu.

Ikionekana, iulize hali yake kabla ya kuiomba kazi. Amri ni smartctl -a ikifuatiwa na jina la diski, na kwa baadhi ya makasha ya USB ongeza -d sat. Usome mistari minne tu. Namba 5 ni sekta zilizokwisha kuhamishwa kwa kuharibika. Namba 197 ni zile zinazosubiri hukumu, na 198 ni zile zilizoshindikana kusomeka. Namba 199 ni makosa ya mawasiliano kati ya diski na mashine, na kwa kawaida ni waya. Ukikuta 199 imepanda na zile tatu ni sifuri, nunua waya mpya, ulale. Namba hiyo haishuki kamwe, kwa hiyo iandike pembeni, uangalie kama inaendelea kupanda baada ya kubadilisha waya. Lakini 197 ikiwa juu ya sifuri, habari imebadilika: kazi ya kwanza ni kunakili, na fsck isubiri, kwa sababu itailazimisha diski mgonjwa kuhangaika huku na huko na kuandika juu ya kile unachotaka kukiokoa.

Sasa tuje kwenye sababu ambayo nadhani inagomesha diski nyingi kuliko zote, nayo haina uhusiano wowote na uzima wa diski. Linux huzipa diski majina sda, sdb, sdc kwa kufuata ipi imeonekana kwanza. Ukibadilisha mazabodi, au hata mlango tu, foleni inabadilika. Faili ya /etc/fstab, inayoeleza diski ipi ipachikwe wapi wakati wa kuwaka, kama imeandikwa kwa majina hayo itatafuta harusi kwenye diski ya mfumo. Ni kama kumwelekeza mgeni Ngamiani "nyumba ya pili kutoka kona" bila kutaja ni barabara ya ngapi: akiingia barabara nyingine atapiga hodi kwa watu wengine. Kila patisheni ina namba yake ya kudumu, UUID, na inasafiri nayo popote. Andika lsblk -f, utaziona zote, pamoja na aina ya mfumo wa mafaili na jina ulilolipa. Hizo ndizo za kuandika kwenye fstab.

Kwenye mstari huohuo wa fstab ongeza neno nofail kwa kila diski isiyo ya mfumo. Bila hilo, Ubuntu na Debian za leo huisubiri diski isiyokuwepo kwa sekunde 90, kisha husimama kwenye hali ya dharura na kuomba nywila ya msimamizi. Seva isiyo na skrini wala kibodi itaonekana imekufa kabisa. Watu wamebeba mashine mpaka kwa fundi kwa sababu ya neno moja lililokosekana. Ukimaliza kuhariri, endesha findmnt --verify kabla hujazima. Itakukamata ukikosea herufi.

Nakuja kwa makasha ya USB, na hapa nitakaa, maana ndiyo tunayoyatumia zaidi. Tuseme diski ya terabaiti 4 imekaa miaka kwenye kasha lake, umenunua mashine kubwa, ukaitoa na kuichomeka kwenye SATA moja kwa moja. lsblk inaonyesha diski yenye ukubwa sahihi, lakini haina patisheni hata moja. Moyo unapasuka. Ilivyokuwa ni kwamba baadhi ya makasha huiambia kompyuta kwamba sekta za diski ni za baiti 4,096, wakati diski yenyewe hujitambulisha kwa sekta za baiti 512. Jedwali la patisheni liliandikwa kwa hesabu ya kasha. Mashine mpya inahesabu kwa 512, inachungulia mahali pasipo, haikuti kitu. Hakuna kilichofutika. Irudishe kwenye kasha lake na itafunguka. Kama kasha limekufa, Linux inaweza kuigiza hesabu ile bila kuandika: losetup -r -P -b 4096 -f --show ikifuatiwa na jina la diski. Patisheni zikitokea, zipachike kwa kusoma tu, unakili kila kitu kwenda diski nyingine, halafu ndipo uiformati ya kwanza ukiwa na raha zako.

Kinyume chake pia hutokea. Kasha la zamani lililotengenezwa kabla ya diski kubwa haliwezi kuhesabu kupita terabaiti 2 na kidogo, hivyo diski ya terabaiti 3 huonekana kama ya gigabaiti 801. Ukiona namba hiyo ya ajabu, ichomoe mara moja, usikubali irekebishwe na programu yoyote.

Na kuna kisa kigumu zaidi: makasha mengi ya WD ya My Book na My Passport husimba data kwa chipu iliyo kwenye bodi ya kasha, hata kama hukuwahi kuweka nywila. Diski ikitolewa humo, mashine inaona uji mtupu. Kasha hilo ni ufunguo. Usilitupe, usiligawe, na likivunjika mlango wa USB mpelekee fundi wa simu aulehemu mlango, asibadilishe bodi.

Wenye RAID ya Linux watakuta kundi lao limekuja kwa jina md127 badala ya md0 walilolizoea, au limekaa bila kufanya kazi. Jina hubadilika kwa sababu mashine mpya haina kundi hilo kwenye faili yake ya mdadm.conf, au jina la seva limebadilika. Soma kwanza kwa mdadm --examine kwa kila diski mshiriki, ulinganishe UUID ya kundi na hesabu ya matukio. Hesabu zikilingana au kukaribiana sana, mdadm --assemble --scan italikusanya. Ukishaona mafaili, liandike kundi kwenye mdadm.conf na uendeshe update-initramfs -u, vinginevyo md127 itarudi kesho. Kwa ZFS, zpool import bila neno jingine huorodhesha tu, haigusi kitu. Ikikataa kwa hoja kwamba hodhi (pool) la diski lilitumika mwisho na mfumo mwingine, hakikisha mashine ile ya zamani imezimwa kweli, kisha ongeza -f, na safari ya kwanza ongeza pia -o readonly=on.

LVM ina mtego wake mdogo. Ukichukua diski ya mfumo ya Ubuntu ya zamani na kuichomeka kwenye seva mpya yenye Ubuntu, zote mbili huenda zina kundi linaloitwa ubuntu-vg, kwa kuwa kisakinishi ndicho kilichoyapa jina. Majina yanagongana, moja halifunguki. Libadilishe la zamani kwa vgrename ukitumia UUID yake, halafu vgchange -ay.

Diski iliyokuwa kwa Windows ikigoma kwa Linux, au ikikubali kusomwa tu, kwa kawaida Windows haikuzimwa, ililazwa. Irudishe huko, zima ile huduma ya kuwaka haraka, zima mashine kabisa, itakuja vizuri.

Kosa la kimyakimya kuliko yote hutokea pale diski isipopachikwa na hakuna aliyegundua. Folda ya /mnt/harusi ipo, ila ni folda tupu kwenye diski ndogo ya mfumo. Programu ya kupokea picha kutoka simu za familia haijui tofauti, inaendelea kujaza humo. Siku mbili baadaye mfumo umejaa pomoni na seva inasimama. Ukirekebisha na diski ikapachikwa, zile picha mpya zinapotea machoni, kwa sababu diski imekaa juu yake na kuzifunika. Watu hulia zimefutika kumbe ziko chini. Shusha diski kwa umount, ingia kwenye folda, uzichukue. Kisha, folda ikiwa tupu na diski imeshushwa, ifunge kwa chattr +i. Tangu siku hiyo programu ikijaribu kuandika bila diski kuwepo itapiga kelele papo hapo, na kelele ndiyo unayoitaka.

Diski ikifunguka lakini ukakataliwa kuandika, angalia namba za wamiliki kwa ls -ln. Linux huandika mmiliki kwa namba, si kwa jina, na mtumiaji 1001 wa mashine ya zamani huenda ni mtu mwingine kwenye mpya, au si mtu kabisa.

Kuna hali za kuweka mikono chini. Diski ikigonga kwa mpigo unaojirudia kama saa, zima. Usiifungue kutazama ndani, chembe ya vumbi inatosha kukwangua sahani, na diski kubwa za siku hizi zimejazwa heliamu inayotoroka ukishafungua. Ule ushauri wa kuiweka kwenye friza usahau kabisa: kwa unyevu wa Tanga utakuwa umeimwagia maji mwenyewe. Kama haigongi ila inasoma kwa kusuasua, ddrescue ndiyo chombo chake, ambayo kwenye Debian na Ubuntu hupatikana kwa jina gddrescue. Inanakili kwanza sehemu nyepesi, inarudi baadaye kwenye ngumu, na ukiipa faili ya ramani, umeme ukikatika katikati itaendelea ilipoishia. Nakala ikishapatikana, majaribio yote ya fsck yafanyike juu ya nakala.

Mambo yakikaa sawa, usifurahie mapema. Zima seva kabisa, chomoa ukutani, washa tena, uhakikishe kila kitu kinajipachika bila mkono wako, maana kuna matatizo yasiyoonekana kwa kuanzisha upya tu bila kukata umeme. Kisha hifadhi matokeo ya lsblk -f, blkid na fstab kwenye simu yako, chapisha na nakala moja kwa karatasi, ibandike ndani ya mfuniko wa mashine. Kila diski iandikwe kwa kalamu ya wino mzito herufi au tarakimu nne za mwisho za namba yake ya utambulisho (serial number), na mlango iliokuwa imechomekwa.